Ndoto Haina "Kwa Sababu": Mwongozo Kamili wa Kugeuza Ndoto na Majinamizi Kuwa Hadithi

Nilipokuwa ndio kwanza naanza kuandika, nilimpelekea mhariri mmoja hadithi ya kurasa kumi na mbili. Mhusika anafukuzwa na mtu asiye na uso, anasukuma mlango, anajikuta baharini, bahari inakuwa soko, na yule asiye na uso anapomshika bega, mhusika anazinduka, jasho linamtoka. Kumbe ilikuwa ndoto! Nilikuwa nimeiota kweli, neno kwa neno, ndiyo maana niliipenda. Karatasi zangu zilirudi na mstari mmoja wa wino mwekundu chini ya ukurasa wa mwisho: "Mimi niliamka ukurasa wa tatu."

Iliniuma, lakini alikuwa na haki. Kusimuliwa ndoto ya mtu ni kama kuoneshwa albamu ya harusi ya watu usiowajua: mwenye albamu machozi yanamlenga, wewe unahesabu kurasa zilizobaki.

Nimekusanya ndoto zangu kwa miaka tangu siku ile, na kubwa nililoambulia ni hili: ndoto ni hodari wa picha na hodari wa hisia, lakini kamba haijui kuifunga. Ndani yake mambo huja kwa "mara". Mara niko sokoni, mara soko ni shule, mara mwalimu ni shangazi. Hadithi husimama kwa "kwa sababu". Kwa hiyo kazi ya mwandishi ni kuichukua picha ya usiku na kuitafutia "kwa sababu" yake mchana, macho makavu, kwa jasho.

Robert Louis Stevenson, Mskoti aliyeandika kisa cha Jekyll na Hyde, alilikiri hili katika insha yake ya 1888 kuhusu ndoto. Alikuwa amebanwa na fedha, akazunguka siku mbili akijikamua kichwa apate kisa, chochote kile. Usiku wa pili akaota tukio la dirishani, kisha tukio jingine: Hyde anasakwa, anakunywa dawa yake ya unga, anageuka mbele ya macho ya wanaomsaka. Basi. Yaliyobaki yote, anasema, aliyatengeneza akiwa macho. Mkewe Fanny alimwamsha usiku huo kwa sababu alikuwa anapiga kelele usingizini, naye badala ya kushukuru akamlaumu kwa kumkatizia kisa kitamu cha kutisha. Kitabu kilitoka Januari 1886.

Matukio mawili ya usiku, kitabu kizima cha mchana. Shika uwiano huo tunapoanza.

Hatua ya kwanza: ikamate kabla haijayeyuka

Usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja dakika 90 hivi. Ndani ya kila mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, na hapo ndipo ndoto zenye picha kali na visa virefu huja kwa wingi. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago ndio waliokitangaza kipindi hicho mwaka 1953. Kwa mwandishi lililo muhimu ni kwamba vipindi hivyo hurefuka kadiri usiku unavyokwenda: cha kwanza ni dakika chache tu, cha mwisho huweza kufika nusu saa na zaidi. Ukilala saa nne usiku na kuamshwa saa tisa na jogoo wa jirani, umeporwa sehemu nono kabisa. Wazee wa pwani husema ndoto ya alfajiri ndiyo ndoto. Wao wanazungumzia ukweli wake, mimi nazungumzia urefu, lakini saa tunayoitaja ni ileile.

Weka daftari na kalamu chini ya mto, upande wa mkono unaoandikia. Andika tarehe ya kesho kabla hujalala. Ni jambo dogo, ila linaiambia akili kwamba kuna miadi. Ukizinduka usijigeuze wala usifumbue macho. Bakia katika mkao uliozindukia, shika picha ya mwisho uliyoiona, urudi nayo kinyumenyume: kabla ya hapa nilikuwa wapi? Na kabla ya hapo? Ndoto huvutwa kwa mkia. Ukigeuka ubavu tu, nusu imekwenda. Ukishika simu kuangalia nani katuma ujumbe, imekwenda yote.

Kisha andika kwa wakati uliopo: "nimo ndani ya", "namwona", "ananiambia". Ukiandika "niliota kwamba" umeshakaa mbali nayo. Usipange wala usirekebishe sarufi. Na maneno uliyoambiwa yaandike kwa lugha uliyoambiwa: kama bibi alisema kwa Kisambaa, acha Kisambaa kikae. Nimewahi kufasiri papo hapo kwa Kiswahili safi, asubuhi nikakuta sentensi imelala kama samaki wa jana.

Unalala chumba kimoja na wenzako na taa haiwashwi? Jifunike shuka, nong'ona kwenye rekoda ya simu. Watadhani unaweweseka, waache.

Ukiamka hukumbuki kitu, andika hisia uliyoamka nayo, hata kama ni neno moja: "uzito", "haraka", "nimesahau kitu jikoni". Ukishikilia hivyo siku kumi au kumi na tano, mara nyingi picha huanza kuja zenyewe. Na usiue usingizi ili upate ndoto. Kutega kengele ya saa kumi usiku ufanye mara moja moja, mkesha wa siku usiyokwenda kazini. Mwandishi mwenye usingizi haandiki, anakwaruza.

Hatua ya pili: iombe

Ndoto haiitiki kila inapoitwa, lakini mlango hufunguka kwa aliyegonga mchana. Stevenson aligonga siku mbili. Mary Shelley, aliyeandika Frankenstein, aligonga zaidi. Kiangazi cha 1816, akiwa na miaka 18, alikuwa kando ya Ziwa Geneva pamoja na Percy Shelley, Lord Byron na daktari John Polidori. Mvua haikukatika: volkano ya Tambora iliyolipuka Indonesia mwaka uliotangulia ilikuwa imeharibu hali ya hewa ya Ulaya. Wakashindana kutunga visa vya mizimu. Kila asubuhi anaulizwa kama amepata kisa, kila asubuhi anajibu hapana. Usiku mmoja wakazungumza hadi manane kuhusu uhai na umeme, na kama maiti inaweza kuamshwa. Alipojilaza, akamwona kijana msomi aliyesawijika akipiga magoti kando ya kiumbe alichokiunga, na kiumbe kikaanza kutikisika. Baada ya siku zote hizo za "hapana", alikuwa amejaza mafuta. Usiku ulileta kiberiti.

Nawe fanya hivyo. Chagua swali moja la hadithi yako, liandike kwa sentensi fupi juu ya ukurasa wa leo: "Kwa nini Zuhura hataki kuuza kiwanja?" Lisome mara tatu, zima taa, lala nalo. Sizungumzii istikhara hapa, ile sala ya Kiislamu ya kumwomba Mungu uongozi. Ile ni ibada na ina adabu zake, tusiichanganye na kutafuta msuko wa riwaya.

Njia ya pili ni ya mchana, na naipenda kwa kuwa haihitaji usiku mzima. Mchoraji Salvador Dalí alikuwa na mtindo wa kuketi kitini na ufunguo mzito kati ya vidole, chini ameweka sahani. Lepe la kwanza likimchukua, vidole vinalegea, ufunguo unaangukia sahani, anaamka na picha bado mbichi. Wewe tumia kijiko na sufuria. Watafiti wa Paris waliijaribu njia ya namna hii, wakachapisha matokeo mwaka 2021: washiriki waliogusa usingizi mwepesi kabisa, walau sekunde 15 tu, waligundua kanuni iliyofichwa kwenye mafumbo ya hesabu takriban mara tatu zaidi ya waliobaki macho. Waliozama zaidi ya hapo hawakupata faida hiyo. Kwa hiyo shabaha yako ni lile lepe la kwanza, kabla usingizi wa pono haujakufika.

Hatua ya tatu: usikimbilie tafsiri

Hapa ndipo wengi wetu tunaharibikiwa, maana tumelelewa ndani ya tafsiri. Jino likidondoka, kuna msiba. Ukiota samaki, kuna mimba katika ukoo. Nyoka ni adui, harusi ni kilio. Ukila ndotoni, umelishwa, katafute dua. Ukijiona umerudi darasani na sare za shule, utaambiwa nyota yako imefungwa na mambo yako yanarudi nyuma. Vitabu vidogo vya kufasiri ndoto vinauzwa hadi nje ya misikiti, vingi vikijifunika jina la Ibn Sirin wa Basra.

Sikuambii usiamini. Nakuambia tafsiri ni jibu, na jibu likiingia mapema swali hufa. Ukishaandika "jino = msiba", hulitazami tena lile jino: lilikuwa la nani, lilidondokea wapi, nani aliliokota.

Ihamishe tafsiri hiyo kwa mhusika. Mwanamke aliyeota samaki na anajua hakuna mwanamke mwingine nyumbani mwake isipokuwa binti yake wa miaka kumi na sita: hapo pana hadithi, na hujasema lolote kuhusu ukweli au uongo wa ndoto. Imani inamsukuma mtu kutenda, na kutenda ndiko tunakokutafuta. Vivyo hivyo adabu ya ndoto mbaya. Katika mafundisho ya Kiislamu aliyeota vibaya hujikinga kwa Mungu, hutemea kushoto mara tatu, hugeuka ubavu, na hasimulii mtu. Fikiria mume na mke kitandani, mmoja anasikia mwenzake ametema mara tatu gizani na kugeuka, na asubuhi hakuna anayeuliza. Unaweza kujaza kurasa tano na ndoto yenyewe isitajwe ilikuwa nini.

Hatua ya nne: ichinje ndoto

Baada ya siku mbili tatu, lifungue daftari. Nitatumia ndoto yangu mwenyewe, maana maelezo matupu hayafundishi. Niliiandika hivi, makosa yamo:

"Nimo ndani ya daladala usiku. Haina taa ndani. Pembeni kuna mtu kabeba mlango wa nyumba. Kondakta anachezesha chenji kiganjani kama wafanyavyo, chwa chwa chwa. Akifika kwangu naona si chenji ni meno. Watu wote wanalipa meno, hakuna damu, wanatoa mfukoni. Natafuta mfuko wa shati, sina. Tunapita Magomeni lakini kuna bahari. Kondakta ananiambia wewe usihangaike, ya kwako ameshalipa mama. Kila mtu anageuka ananitazama."

Gawa karatasi mafungu manne. La kwanza ni hisia. Jiulize uliamka na nini, na usijibu "hofu" upesi, kwani hofu ni kapu ambamo tunatupia kila kitu. Mimi nilikaa dakika kumi nikagundua sikuogopa hata kidogo. Niliona aibu. Watu wamegeuka, wanajua nimelipiwa. Hisia ikibadilika jina, hadithi nayo inabadilika. Kwa hofu ningeandika kisa cha wachawi wa barabara ya Morogoro, na visa hivyo vimejaa.

La pili ni picha: moja tu, ile ambayo ukifumba macho inarudi bila kuitwa. Kwangu ni kiganja kilichojaa meno, pamoja na mlio wake.

La tatu naliita sheria. Kila ndoto ina kanuni ngeni ambayo watu wote waliomo wanaikubali bila kushangaa. Hapa sheria ni kwamba safari hulipiwa kwa meno, na mtu anaweza kumlipia mwingine. Horace Walpole aliota Juni 1764 yuko katika ngome ya kale, na juu kabisa ya ngazi kuu kuna mkono mkubwa mno uliovaa chuma. Jioni yake alikaa kuandika bila kujua anakwenda wapi, na haikufika miezi miwili akawa amemaliza riwaya ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya kutisha katika Kiingereza. Sheria ya ndoto yake ilikuwa moja: humu ndani mna mwenye nyumba mkubwa kuliko nyumba. Alichofanya ni kuiacha sheria hiyo itawale kitabu kizima.

Fungu la nne ni takataka. Mlango aliobeba jirani yangu, bahari ya Magomeni. Vinavutia, najua, na mkono utasita. Vitupe. Viandikie ukurasa wa nyuma wa daftari kama roho inakuuma, lakini visiingie humu. Hadithi fupi inabeba ajabu moja. Zikiwa tatu msomaji anaacha kushangaa, anaanza kuvumilia.

Hatua ya tano: sasa tafuta "kwa sababu"

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua sheria yako uisaili kama polisi: kwa nini meno? Nani aliweka nauli hiyo? Anayelipa anabaki na nini? Aliyelipiwa anadaiwa nini? Andika majibu kumi kwa kila swali, ya kipuuzi yakiwamo. Matatu ya kwanza huwa ni ya kila mtu. La saba au la nane ndilo lako.

Mimi jibu la nane kwenye "kwa nini meno" lilikuwa: kwa sababu jino linaweza kuuzwa. Nikaandika chini yake: jino gani huuzwa? Jino la dhahabu. Nikakaa kimya. Akina mama wa pwani wa rika la mama yangu walivishwa meno ya dhahabu kwa urembo, na mtu akicheka harusini unaliona kutoka safu ya nyuma. Basi daladala ikaondoka, kondakta akashuka, usiku ukakucha. Kikabaki kisa cha mchana kweupe, kisicho na uchawi wala ndoto: kijana wa bweni anarudi nyumbani likizo, na mama hacheki kama zamani.

"Mama alicheka amefunika mdomo kwa upindo wa kanga. Nikadhani anamwonea haya mgeni, maana nilikuja na rafiki yangu wa bwenini. Rafiki akaenda kuoga, upindo ukabaki palepale.

'Jino linakuuma?'

'Siumwi.'

'Hebu nione.'

'Kula mwanangu, wali unapoa.'

Dada ndiye aliyenipa habari, usiku, tukiwa tunafunga kuku. Sonara aliyaweka yote mawili kwenye kimizani chake, akapuliza vumbi, akahesabu elfu kumi na nane. Mama alizipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa mdomoni."

Tazama kilichobaki cha ndoto. Meno yapo, malipo yapo, aibu ipo, mama yupo. Msomaji hatajua niliwahi kupanda daladala ile, na wala haimhusu. Unaweza kuamua kinyume, ukaiacha daladala na meno yake ukaandika kisa cha maajabu matupu. Njia hiyo ni halali, ila ina masharti magumu zaidi: sheria iwe ileile toka mwanzo hadi mwisho, na watu wa mle ndani wasiishangae. Kondakta wa meno lazima naye abishane kuhusu chenji.

Jambo moja ambalo wanaoanza hulikosea: picha ya ndoto si lazima ifungue hadithi. Mary Shelley siku ya pili alianza na usiku ule wa Novemba ambao kiumbe kinafumbua jicho. Katika kitabu kilichotoka 1818, usiku huo umekaa ndani kabisa ya sura za katikati za juzuu la kwanza. Alianza kuandika pale palipokuwa pamoto, kisha akarudi nyuma kujenga njia ya kufikia pale. Kiganja changu cha meno nacho kiligeuka kuwa kimizani cha sonara, na kimekaa karibu na mwisho.

Hatua ya sita: jinamizi

Jinamizi lina watu wawili ndani ya jina moja. Kuna ndoto ya kutisha inayokuamsha, na kuna lile la kukabwa: uko macho, chumba unakiona, chandarua unakiona, lakini kidole hakisogei, kifua kimekaliwa, na kuna mtu mlangoni. Hili la pili lina maelezo ya kimwili. Wakati wa ndoto mwili hulegezwa misuli ili usiitende ndoto. Akili ikiamka kabla mwili haujafunguliwa, unabaki umefungwa, na vipande vya ndoto vinaendelea kutembea chumbani. Huisha kwa sekunde au dakika chache. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, pepo anayesemwa kuwavamia watu usiku, ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, moto umewashwa. Wapo watafiti walioihusisha hofu ile na kukabwa huku. Kwa mwandishi hakuna haja ya kuchagua upande: aliyekabwa hakumbuki nadharia, anakumbuka uzito.

Ndivyo nawe uandike. Kosa la kwanza katika visa vya kutisha ni kumleta mnyama mzima sebuleni, pembe, mkia na macho mekundu. Jinamizi lenyewe halifanyi hivyo. Linachukua kitu unachokijua na kukisogeza kidogo. Nimewahi kuota nasikia kandambili za babu zikiburuzwa koridoni, mwendo wake hasa, ule wa mguu mmoja mzito. Babu alikuwa amefariki miaka minne kabla. Hilo halikunitisha, nilifurahi. Kilichonitisha ni kwamba kandambili zilikuwa zinakuja kutoka upande ambao hauna mlango.

Basi andika orodha ya vitu kumi vya nyumbani kwako visivyotisha: ndoo, feni, mlio wa friji, mbuzi ya kukunia nazi. Kwa kila kimoja badili jambo moja tu. Feni inazunguka na umeme umekatika. Mbuzi ya nazi asubuhi ina machicha mabichi na nyumbani hakuna aliyekuna nazi. Usieleze. Mhusika naye ajaribu kuiona ni kawaida kadiri awezavyo, na msomaji ndiye atakayeshindwa kabla yake.

Halafu nikusemeshe kama ndugu. Yako majinamizi ambayo si malighafi. Kama linalokujia kila usiku ni jambo lililokupata kweli, kipigo, ajali, vita, kubakwa, huna deni la kuliandika. Nenda kwa mtu wa kukusikiliza, awe mshauri wa hospitalini au mwingine unayemwamini. Wataalamu wa usingizi wana zoezi linalokaribiana na kazi yetu: mchana, andika jinamizi linalojirudia, libadilishe upendavyo, kisha lipitie akilini lile toleo jipya dakika kumi hadi ishirini kila siku. Kwa wengi majinamizi hupungua. Na kama ndoto kali zimeanza baada ya dawa mpya, zipo dawa zinazojulikana kwa hilo: mefloquine ya malaria, efavirenz ya virusi vya ukimwi. Mrudie daktari au mfamasia umwambie. Usiache dawa kimyakimya, na wala usiiendeleze kwa ajili ya riwaya; nimewahi kusikia mtu akisema hivyo, nikadhani anatania.

Hatua ya saba: mhusika akiota

Kwa kawaida asiote. Mwandishi akikwama humlaza mhusika wake, na kinachofuata ni kurasa za ukungu na sauti ya marehemu mama ikitoa siri ambayo mwandishi alishindwa kuifichua kwa tendo.

Lakini ikibidi, angalia kisa cha Yusuf, tulichokisikia tangu madrasa na Sunday school. Nyota kumi na moja, jua na mwezi vinamsujudia. Ndoto yenyewe ni mstari mmoja. Kilicho kirefu ni gharama yake: wivu wa ndugu, kisima, kuuzwa, jela, Misri. Hicho ndicho kipimo changu. Ndoto ndani ya hadithi iwe fupi kuliko madhara yake, na madhara yaanze mara tu inaposimuliwa au inapofichwa. Alinacha naye, wa ndoto za mchana, hakulala kabisa. Aliota akiwa macho juu ya kapu lake la vyombo vya kioo, akawa tajiri, akaoa binti wa waziri, akamsukuma kwa mguu kwa maringo. Mguu ulikuwa wa kweli. Vyombo navyo.

Yuko pia aliyekwenda njia nyingine. Euphrase Kezilahabi, baada ya riwaya zake za uhalisia, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba ambavyo mahali na wakati ndani yake havifuati kalenda wala ramani. Humo hakuna anayezinduka na kusema kumbe. Visome kabla hujajaribu, uone kazi iliyomo nyuma ya ukungu ule. Kila alama inarudi mahali pake.

Hatua ya mwisho: msomee mtu, umfiche chanzo

Rasimu ikikamilika, isome kwa sauti kwa mtu asiyeandika. Usimwambie ilianzia ndotoni. Akikuuliza "uliiota hii?", bado mbichi, rudi hatua ya tano. Akikuuliza habari za watu waliomo, imeiva.

Ile ya meno nilimsomea mama yangu, barazani, jioni. Yeye hajawahi kuwa na jino la dhahabu. Alisikiliza huku anachambua mchele, hakusema neno hadi mwisho. Kisha akauliza sonara alitoa shilingi ngapi, maana hakusikia vizuri. Nikamrudia: elfu kumi na nane, yote mawili.

Akatupa kokoto moja uani. "Amepunjwa," akasema.